Utabiri wa Machi mbele ya jedwali la Septemba

Jioni ya Machi 27, 2024, mkesha wa siku ambayo timu nyingi za ligi kuu ya besiboli ya Marekani zilianza msimu wao, niliketi mezani kwangu Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, nikaandika katika daftari majina ya timu zote 30, na mbele ya kila jina idadi ya mechi ambazo niliamini timu hiyo ingeshinda kati ya 162 zilizopangwa. Sikuwa ninabeti, na ukurasa ule haukuwa mkeka. Hapakuwa na hata senti moja iliyotegemea namba hizo. Nilitaka kujua, baada ya miaka kadhaa ya kuufuatilia mchezo huu kwa moyo wote, kama ninauelewa kweli au ninaupenda tu. Msimu ulipokwisha nililifungua daftari na kuandika matokeo halisi kando ya makisio yangu, nikidhani kwamba kazi ya kujisahihisha ingenichukua robo saa. Ilinichukua majuma kadhaa, kwa sababu nililazimika kwanza kuelewa kosa ni kitu gani katika mchezo wa aina hii.

Ugumu wa kwanza umo katika kumbukumbu zetu wenyewe. Kufikia Novemba nilikuwa nimeshawaambia watu wengi kwamba nilisema mapema kuwa Los Angeles Dodgers ingetwaa ubingwa, na kweli iliutwaa. Sikumwambia mtu yeyote habari za Miami Marlins, ambayo niliipa mechi 80 nayo ikaishia na 62. Sikukusudia kumdanganya mtu. Utabiri uliotimia hukaa karibu na ulimi, na ule usiotimia hupotea wenyewe bila mtu kuufukuza, hata shabiki akafika mwisho wa msimu akiamini kwa dhati kwamba aliyaona mambo mengi kuliko aliyoyaona. Kalamu na tarehe ndivyo vinavyomzuia.

Ugumu wa pili, ambao ndio mkubwa, unatokana na mchezo wenyewe. Msomaji aliyelelewa na soka amezoea kuona timu bora ikishinda karibu kila wiki. Arsenal ilimaliza msimu wa 2003/04 wa Ligi Kuu ya Uingereza ikiwa imecheza mechi 38 bila kupoteza hata moja. Katika besiboli jambo hilo haliwezekani. Mwaka 2024 timu iliyoshinda mechi nyingi kuliko zote, Dodgers, ilishinda 98 kati ya 162, yaani kama mechi sita katika kila kumi, na ilipoteza 64. Chicago White Sox, ambayo ilipoteza mechi 121 na kuivuka rekodi ya New York Mets ya mwaka 1962 iliyopoteza 120, bado ilishinda mechi 41, ambayo ni robo ya mechi zake. Bora wa wote na dhaifu wa wote wamekaribiana namna hiyo kwa sababu mpira mmoja uliopigwa vizuri sana unaweza kuangukia mikononi mwa mdakaji, na mwingine uliopigwa vibaya ukapenya katikati ya wachezaji wawili.

Ukubwa wa bahati hiyo unaweza kukadiriwa kwa hesabu ya shule. Tuchukue timu ya wastani kabisa, ambayo katika kila mechi nafasi yake ya kushinda na ya kushindwa ni sawa, kama sarafu inayorushwa mara 162. Tunatarajia ipate ushindi mara 81, lakini ukilirudia zoezi hilo misimu mingi utaona kwamba katika takriban misimu miwili kati ya mitatu itaishia popote kati ya 75 na 87, na katika msimu mmoja kati ya mitatu itatoka hata nje ya mipaka hiyo. Timu haikubadilika, wachezaji ni walewale, kocha ni yuleyule. Sasa litazame jedwali halisi la 2024: timu 12 kati ya 30 zilimaliza kati ya ushindi 75 na 87. Kansas City Royals na Detroit Tigers, zilizoshinda 86 kila moja, ziliingia katika hatua ya mtoano na kushangiliwa na miji yao. Pittsburgh Pirates yenye 76 na Cincinnati Reds yenye 77 zilikwenda nyumbani. Sisemi kwamba timu hizo zilikuwa sawa. Ninachosema ni kwamba pengo la mechi kumi, ambalo sisi mashabiki hulieleza kwa majira yote ya baridi, sehemu yake kubwa inaweza kuwa haina maelezo yoyote.

Kutokana na hesabu hiyohiyo kunapatikana jambo ambalo laiti ningelijua kabla ya kushika kalamu. Hata mtu ambaye angejulishwa kwa siri uwezo halisi wa kila timu, pamoja na majeruhi wote na usajili wote wa msimu mzima, angekosea kwa wastani wa ushindi 5 hivi kwa kila timu. Hiyo ndiyo sakafu. Anayekosea pungufu ya hapo mwaka hadi mwaka hayupo, na anayedai kuwa yupo hajaandika tarehe.

Tukishaijua sakafu tunahitaji dari, yaani kiwango cha makosa cha mtu asiyejua lolote. Mtu huyo ataandika 81 mbele ya kila timu, kwa kuwa hiyo ndiyo nusu ya mechi zote. Nilichukua tofauti kati ya 81 na matokeo halisi ya kila timu mwaka 2024, nikazijumlisha: kwa Dodgers mtu huyo alikosea kwa 17, kwa Boston Red Sox alipatia barabara kwa sababu ilishinda 81 kamili, kwa White Sox alikosea kwa 40, na kadhalika. Jumla ni 279, ambayo ukiigawa kwa timu 30 unapata wastani wa kosa wa 9.3.

Kisha nikampima mtu wa pili, ambaye ni mvivu lakini anajua kusoma: yeye ananakili jedwali la mwaka uliotangulia. Atlanta Braves ilishinda 104 mwaka 2023, basi anaiandikia 104. Royals ilishinda 56, basi 56. Nilitarajia amwache mbali yule wa kwanza. Nilijumlisha makosa yake timu kwa timu, nikarudia hesabu kwa sababu sikuiamini, na jibu lilikuwa lilelile: 279, wastani wa 9.3. Kwa msimu huu mmoja, kulijua jedwali zima la mwaka jana na kutojua chochote vilikuwa na thamani sawa kabisa. Usawa huo wa namba kwa namba ni sadfa ya mwaka 2024, lakini kukaribiana kwao si sadfa.

Jambo la kushangaza zaidi hutokea unapowachanganya watu hao wawili. Chukua ushindi wa mwaka jana, ujumlishe na 81, ugawe kwa mbili. Braves inapata 92.5 badala ya 104, Royals inapata 68.5 badala ya 56. Makosa ya kanuni hii ya kitoto ni 238, wastani wa 7.9. Vipimo viwili vilivyolingana kwa udhaifu vimezaa kimoja kilicho bora kuliko vyote viwili, na sababu yake inastahili kuelezwa taratibu. Timu inayoshinda mechi 104 kwa kawaida ni timu nzuri ambayo pia ilipata bahati nzuri. Ingekuwa nzuri bila bahati pengine ingeshinda 96, na ingekuwa na bahati bila uzuri isingefika hata 90. Mwaka unapobadilika, uzuri unaendelea kwa kiasi, lakini bahati haina mkataba na timu yoyote. Vivyo hivyo kwa timu iliyoshinda 56. Kwa hiyo, mtu anayezivuta timu zote kidogo kuelekea katikati hatakuwa ametoa habari mpya juu ya timu yoyote, lakini atakuwa ameiondoa sehemu ya bahati ambayo yule mnakili aliibeba kama ilivyo.

Sasa daftari langu. Jumla ya makosa yangu ilikuwa 228, wastani wa 7.6. Nilimshinda mtu asiyejua lolote kwa tofauti kubwa, na niliishinda ile kanuni ya mstari mmoja kwa ushindi 10 tu katika timu 30. Hizo 10 ndizo zilizokuwa zao la miezi mitano ya kusoma habari za usajili, kufuatilia mazoezi ya Februari na kusikiliza wachambuzi nikiwa njiani kwenda na kurudi kazini. Nilipozifuatilia ili nione zimetoka wapi, nikakuta kwamba 9 kati yake zinatokana na timu moja. Kanuni iliipa White Sox ushindi 71; mimi niliipa 62, kwa sababu ilikuwa imepoteza 101 mwaka uliotangulia na wiki mbili kabla ya msimu ilikuwa imemuuza mrushaji wake bora (mrushaji ndiye anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani), Dylan Cease, kwa San Diego Padres. Wote wawili tulikosea vibaya, ila mimi nilikosea kwa 21 na kanuni ikakosea kwa 30. Ukiiondoa White Sox, katika timu 29 zilizobaki ujuzi wangu wote ulikuwa na thamani ya ushindi mmoja.

Nililitazama jibu hilo kwa muda mrefu. Halinivunji moyo, lakini linanitaka niseme kwa usahihi zaidi nilichokijua na nilichokikisia.

Kabla ya kufika huko kuna kosa jingine ambalo halionekani mpaka ujumlishe safu nzima. Kila mechi ya besiboli ina mshindi mmoja na mshindwa mmoja, hakuna sare, kwa hiyo timu 30 zikicheza mechi 162 kila moja, ushindi wote wa ligi ni 2,430, si zaidi. (Mwaka 2024 ulikuwa 2,429, maana mechi ya mwisho kati ya Houston Astros na Cleveland Guardians ilizuiwa na mvua na haikurudiwa.) Makisio yangu yalijumlika kuwa 2,455. Nilikuwa nimegawa ushindi 25 ambao haupo duniani. Sikuipendelea timu yangu, Tigers, peke yake. Nilizipendelea karibu zote. Kwa kila timu nilijiuliza nani amesajiliwa, nani amepona, kijana gani anapanda, na majibu ya maswali hayo karibu yote humwongezea mtu ushindi. Sikujiuliza, kwa timu hata moja, mechi hizo zitapotezwa na nani. Kundi la Mashariki la American League (ligi imegawanywa nusu mbili, hiyo na National League), lenye New York Yankees na Baltimore Orioles, nililipa ushindi 435, lilipata 420.

Makosa makubwa nayo hayana uzito mmoja, na hapa ndipo kipimo cha namba peke yake kinapotupotosha. Braves niliipa 103 ikashinda 89, kosa la 14. Marlins niliipa 80 ikashinda 62, kosa la 18. Mtu atayaona makosa hayo kuwa ya kufanana. Kwa maoni yangu yametofautiana kama ajali na uzembe. Braves ilimpoteza mrushaji wake Spencer Strider mwezi Aprili, baada ya kuanza mechi mbili tu, kwa jeraha la kiwiko lililohitaji upasuaji. Kisha Mei 26 Ronald Acuña Jr., aliyekuwa mchezaji bora wa National League mwaka 2023 kwa homurani 41, yaani mipira aliyoivusha uzio, na besi 73 alizoiba, yaani vituo alivyovikimbilia kabla mwenzake hajaupiga mpira, alichana kano ya goti na kumaliza msimu. Hakuna daftari la Machi ambalo lingeyajua hayo. Nikirudishwa Machi nikiwa na habari zilezile, huenda ningeipunguzia Braves mechi chache kwa heshima ya ile kanuni ya katikati, lakini bado ningeiweka juu.

Marlins ni habari nyingine, kwa sababu ushahidi ulikuwa mezani na sikuusoma. Mwaka 2023 timu hiyo ilishinda mechi 84 na kuingia katika mtoano. Katika besiboli bao huitwa mkimbio: mchezaji amezizunguka besi na kurudi salama alipoanzia. Marlins ya 2023 ilipata mikimbio 666 na kufungwa 723. Timu iliyofungwa mikimbio 57 zaidi ya iliyofunga ilishinda zaidi ya nusu ya mechi zake. Mmarekani Bill James, aliyeanza kuandika juu ya takwimu za besiboli katika miaka ya 1970, alitoa kanuni inayofahamika kwa jina la Pythagoras kwa sababu ina vipeo vya pili: zidisha mikimbio iliyofungwa na timu kwa yenyewe, uigawe kwa jumla ya kipeo hicho na kipeo cha mikimbio iliyofungwa dhidi yake. Kwa Marlins, 666 mara 666 ni 443,556. 723 mara 723 ni 522,729. Mgawo wake ni 0.459, na ukiuzidisha kwa mechi 162 unapata ushindi 74. Timu ilikuwa imeshinda mechi kumi zaidi ya ilizostahili kwa mikimbio yake, na siri ilikuwa katika mechi zilizoamuliwa kwa mkimbio mmoja, ambako ilishinda 33 na kupoteza 14. Uwiano kama huo haurithiwi. Isitoshe, mrushaji wake mkuu Sandy Alcántara alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wa kiwiko Oktoba 2023, na ilijulikana kwamba hatacheza msimu mzima. Timu ikaanza msimu kwa kupoteza mechi tisa mfululizo, na Mei 4 ikamuuza Luis Arráez, bingwa wa wastani wa kupiga wa mwaka uliotangulia. Sikuihitaji bahati ili niyaone hayo. Nilihitaji kalamu na dakika tano. Hilo ndilo kosa langu baya kuliko yote katika daftari, ingawa kwa namba White Sox ndiyo inayoongoza.

White Sox yenyewe ilifunga mikimbio 507 na kufungwa 813, ambayo kwa kanuni ya James ni sawa na ushindi 45. Maana yake ni kwamba hata rekodi ile ya aibu ilisaidiwa na bahati mbaya ya mechi nne hivi. Ubaya ulikuwa wa kweli, lakini ili timu ifikie 121 ilihitaji ubaya na bahati mbaya kwa pamoja, kama vile 104 ya Braves ilivyohitaji uzuri na bahati nzuri.

Milwaukee Brewers niliipa 80 kwa sababu kocha wake, Craig Counsell, alikuwa amehamia Chicago Cubs na mrushaji Corbin Burnes ameuzwa kwa Orioles. Ikashinda 93 na kuongoza kundi lake. Niliwahesabu walioondoka bila kuwahesabu waliobaki. Shohei Ohtani nilimwandikia homurani 40 na kuiba besi 22, nikifuata miaka yake ya nyuma. Akamaliza na 54 na 59. Sikujiuliza ni nini kimebadilika. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kiwiko na asingerusha mpira mwaka mzima, kwa hiyo miguu yake ilikuwa huru kukimbia kuliko wakati wowote, na tangu 2023 sheria mpya zilikuwa zimepanua besi na kumwekea mrushaji kikomo cha kujaribu kumnasa mkimbiaji.

Sasa nirudi kwa Dodgers, utabiri niliojivunia. Niliandika kwamba itatwaa ubingwa, na kando yake nikaandika sababu: warushaji. Timu ilikuwa imemsajili Yoshinobu Yamamoto kutoka Japani kwa miaka 12 na dola milioni 325, na kumleta Tyler Glasnow kutoka Tampa Bay Rays. Oktoba ilipofika Glasnow alikuwa majeruhi, Clayton Kershaw majeruhi, Gavin Stone majeruhi, na timu ilibaki na warushaji watatu tu wa kuanza mechi, mmoja wao Jack Flaherty, aliyekuwa ameuzwa na Tigers yetu Julai 30. Katika raundi ya pili Padres iliongoza kwa mechi mbili dhidi ya moja. Kupoteza moja tu kungeumaliza msimu. Dodgers iliingia katika mechi ya nne bila mrushaji wa kuanza, ikatumia warushaji wanane wakipokezana, ikashinda 8-0, kisha ikashinda ya tano 2-0. Katika mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya Yankees, Oktoba 25, Dodgers ilikuwa nyuma 3-2 katika awamu ya kumi, wawili wameshatolewa (wa tatu angeimaliza mechi) na besi zote tatu zina wachezaji, Freddie Freeman aliposimama kupiga akiwa na kifundo cha mguu kilichokuwa bado kinamuuma. Aliupiga mpira wa kwanza ukavuka uzio, mechi ikaisha 6-3. Mechi kumalizwa kwa homurani ya mikimbio minne ni jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya fainali hizo.

Je, nilipatia? Jina la bingwa nilipatia. Sababu niliyoiandika ilianguka kabla ya Oktoba, na timu ikapita katika njia ambayo sikuifikiria hata mara moja. Utabiri wenye jibu sahihi na sababu isiyo sahihi hauna budi kuhesabiwa nusu, na wakati mwingine chini ya nusu, kwa kuwa mtabiri hatoki humo na kitu cha kumsaidia mwaka unaofuata. Kama nisingeiandika ile sababu kando ya jina, leo ningekuwa ninaamini kwamba niliyaona yote.

Namna ya kuuliza swali nayo hubadilisha hukumu. Arizona Diamondbacks niliipa ushindi 86, ikapata 89: kosa la 3, miongoni mwa makisio yangu bora. Lakini pia niliiweka katika orodha ya timu 12 za mtoano, na haikuingia. Ililingana na Mets na Braves kwa ushindi 89, na ikaachwa nje kwa sababu rekodi yake dhidi ya hao wawili ilikuwa dhaifu. Kwa hiyo kuhusu timu moja, katika msimu mmoja, nilipatia na nikakosea, kutegemea safu unayoisoma. Orodha yangu ya mtoano kwa ujumla ilipata timu 6 kati ya 12. Mtu ambaye angeinakili orodha ya mwaka 2023 angepata 6 vilevile, na mtu ambaye angezichagua kwa kura angetarajia kupata karibu 5. Maswali ya ndiyo au hapana huvutia katika mazungumzo, lakini hubeba habari kidogo, kwa sababu humtia katika kapu moja aliyekosa kwa mechi moja na aliyekosa kwa mechi thelathini.

Imebaki Tigers, timu ninayoipenda. Niliipa 80. Ilipofika Agosti 10 ilikuwa imeshinda 55 na kupoteza 63, Flaherty ameshaondoka, na hesabu za FanGraphs, tovuti ya takwimu za besiboli, ziliipa nafasi ya asilimia 0.2 ya kuingia katika mtoano. Usiku huo nilikata 80 nikaandika 74. Tigers ikashinda 31 kati ya mechi 44 zilizobaki. Ijumaa ya Septemba 27, mjini Detroit, iliifunga White Sox 4-1 na kuingia katika mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2014, na mechi hiyohiyo ndiyo iliyoipa White Sox kipigo cha 121. Makisio yangu mawili yalifungwa kwa mpira mmoja. Mzee mmoja niliyefanya naye kazi, ambaye ndiye aliyenifundisha mchezo huu, alinipigia simu, na kwa muda hatukuzungumza. Tulikuwa tunasikiliza kelele za uwanja kila mmoja kwenye redio yake.

Kesho yake watu wengi walisema kwamba zile asilimia 0.2 zilithibitisha kuwa hesabu ni upuuzi. Nimelifikiria sana jambo hilo, na siafikiani nao. Asilimia 0.2 ni moja katika 500, na moja katika 500 maana yake ni kwamba hutokea. Kama kila mwaka timu kumi zingefika Agosti zikiwa katika hali hiyo, tungetarajia moja yao ifufuke katika kila miaka hamsini. Mamlaka ya hali ya hewa ikisema kuna uwezekano wa mvua wa asilimia 10 na ikanyesha, hatuwezi kuihukumu kwa siku hiyo moja. Tunazikusanya siku zote ilizosema asilimia 10 na kuangalia kama ilinyesha katika moja kati ya kumi. Tigers ya 2024 ni siku moja. Kosa langu la Agosti lilikuwa la aina nyingine: niliandika 74 bila mpaka wowote wa juu au wa chini, kana kwamba mechi 44 zilizosalia zilikuwa zimeshachezwa. Kusahihisha makisio katikati ya msimu ni jambo la busara, lakini sahihisho langu lilitokana na huzuni ya kumwona Flaherty akiondoka, na liliongeza kosa langu kutoka 6 hadi 12.

Machi 2025 nilifungua ukurasa mpya. Mbele ya kila timu niliweka namba ya katikati, mipaka miwili ya kuizunguka, mikimbio ya mwaka uliotangulia, na sababu moja iliyoandikwa kwa sentensi kamili. Tigers niliipa 85, kati ya 78 na 92, kwa kuwa Tarik Skubal, mrushaji bora wa American League wa 2024, alikuwa mzima. Nilipomaliza nilijumlisha safu nzima, nikapata 2,447. Zilikuwa zimezidi 17. Nilianza tena kutoka juu, timu kwa timu, nikitafuta ni nani atakayezipoteza mechi hizo, na kuzipata zote 17 kulinichukua muda mrefu kuliko nilivyotumia kuziandikia timu 30.